Je, Wajua? Janga Lilitokea Mwaka Gani, na Kitabu Kiliandikwa Lini?

Je, wajua kwamba Thika ina bustani inayokumbukwa kwa mti ulioanguka? Ni Mugumo Gardens. Masimulizi ya Wagikuyu yanasema mtabiri Mugo wa Kibiru, ambaye wengine humwita Cege wa Kibiru, alitabiri kwamba utawala wa wageni ungekwisha siku mti huo, mugumo, ungeanguka. Inasimuliwa pia kwamba wakoloni walipopata habari hizo waliuimarisha mti kwa vyuma usije ukaanguka. Ulianguka 1963, mwaka ambao Kenya ilipata uhuru.

Je, wajua unabii mwingine wa Mugo, ule wa wageni watakaokuja na nyoka wa chuma, ulichapishwa lini na Jomo Kenyatta? Ni 1938, katika kitabu chake Facing Mount Kenya. Reli ilikuwa imefika Nairobi tangu 1899, na tawi la Thika lilikuwa limefunguliwa 1913. Hilo halimfanyi Mugo kuwa mwongo. Wazee waliweza kuyahifadhi maneno yake mdomoni kwa miaka mingi. Lakini maandishi yaliyotoka baada ya tukio hayawezi, peke yake, kuthibitisha kwamba tukio lilitabiriwa. Kuna maswali mawili hapa na yasichanganywe: jambo lilitokea lini, na habari zake ziliandikwa lini. Safu ya leo yote imesimama juu ya maswali hayo mawili.

Je, wajua kwamba kuna kitabu Ulaya kinachotaja mwaka kamili ambao nchi nzima ilizama baharini? Kinaitwa Oera Linda. Kilijitokeza Uholanzi 1867, mikononi mwa Cornelis Over de Linden, fundi wa bandari ya jeshi la majini huko Den Helder. Mnakili mmoja ndani yake anasema anaandika mwaka 1256, ambao ni mwaka wa 3449 tangu nchi ya Atland izame. Toa 1256 kutoka 3449, unapata 2193 kabla ya Kristo. Hesabu ni sahihi kabisa. Tatizo ni karatasi: ilitengenezwa kwa mashine katika karne ya 19, kisha ikapakwa rangi ionekane kuukuu. Watafiti wengi leo wanakichukulia kuwa kazi ya karne hiyohiyo, na mmoja wa wanaotajwa kukiandika ni mchungaji na mshairi François HaverSchmidt.

Hata hivyo kilipata waumini. Mwaka 1933 Herman Wirth alikitoa kwa Kijerumani, na Heinrich Himmler, mkuu wa kikosi cha SS cha Hitler, alikuwa miongoni mwa waliokishabikia. Hati ya uongo huweza kuzaa itikadi ya kweli, na hapo ndipo madhara yake yanapoanza.

Je, wajua kwamba mwaka mmoja tu baada ya huo 1256 wa kubuni palitokea janga la kweli? Mlima Samalas, kisiwani Lombok, Indonesia, ulilipuka 1257. Kwa miaka mingi wanasayansi walikuwa wameona tabaka nene la salfa kwenye barafu ya Greenland na ya Antaktika, tabaka la miaka ya 1258 na 1259, wasijue limetoka wapi. Mnamo 2013 timu ya Franck Lavigne ilitangaza kwamba mlima wenyewe ni Samalas. Na moja ya vitu vilivyowasaidia ni Babad Lombok, maandishi ya kale kwenye majani ya mvumo, yanayosimulia jinsi mlima ulivyoporomoka, mji wa Pamatan ukafunikwa na watu wakakimbilia vilimani.

Wapo waliokuwa wakiyaona maandishi hayo kuwa hekaya tu. Barafu na miamba vikayapa haki yake. Kwa hiyo kanuni ya kutupilia mbali kila kitabu cha masimulizi haifai, kama isivyofaa kanuni ya kukumbatia kila kitabu chenye tarehe.

Sasa turudi nyumbani.

Je, wajua kwamba Kenya ina hati yake yenye utata, na kwamba inahusu janga kubwa linalosimuliwa mashuleni hadi leo? Hati hiyo ni Kitab al-Zunuj, yaani Kitabu cha Wazanji. Imeandikwa kwa Kiarabu. Mtaliano Enrico Cerulli aliichapisha 1957 pamoja na tafsiri ya Kiitaliano. Inadai kusimulia pwani yetu tangu zama za kabla ya Uislamu: Waarabu wa Himyar wanafika, makhalifa wanatuma majeshi, miji inaanzishwa, wenyeji waitwao Kashur wanaishi bara.

Janga lenyewe ni kuvunjika kwa Shungwaya. Wamijikenda wanasimulia kwamba wazee wao waliishi Shungwaya, kaskazini, mahali ambapo wengi wanaona ni sehemu za Bur Gao, kusini mwa Somalia. Kisha Waoromo, ambao vitabu vya zamani huwaita Wagalla, waliwavamia, wakakimbilia kusini na kujenga makaya kwenye misitu ya vilimani nyuma ya Mombasa, Kilifi na Kwale. Kitab al-Zunuj nacho kinasimulia kufukuzwa kwa Kashur na Wagalla.

Ukiisoma harakaharaka utasema: basi, masimulizi ya wazee na kitabu vinakubaliana, kesi imekwisha. Mwanahistoria R. F. Morton hakukubali. Mwaka 1972 alichapisha makala akisema ukitazama kumbukumbu zilizoandikwa kabla ya miaka ya 1890, hutawaona Wamijikenda wote wakidai asili ya Shungwaya. Kwa maoni yake, dai hilo lilienea mwishoni mwa karne ya 19, katika mazingira ya siasa za pwani za wakati huo, na Kitabu cha Wazanji ni zao la kipindi hichohicho. Yaani kitabu na masimulizi huenda vilinyonya titi moja, na mashahidi wawili walioambiana habari kabla ya kuingia mahakamani huhesabiwa kama shahidi mmoja.

Thomas Spear, aliyekusanya masimulizi ya makaya na kuandika The Kaya Complex mwaka 1978, alisimama upande wa pili. Aliona masimulizi ya Shungwaya yana mizizi mirefu kuliko Morton alivyokubali, na kwamba desturi za marika na lugha zinaunga mkono safari ya kutoka kaskazini. Mabishano hayo hayajafungwa.

Kwa maoni yangu Morton aliuliza swali sahihi hata kama hakupata jibu lote. Na kuna ushahidi usiotegemea kitabu hicho hata kidogo: mwanzoni mwa karne ya 17 Wareno wa Mombasa walikuwa tayari wanaandika kuhusu majirani zao wa bara waliowaita Musungulos, ambao wanahistoria wengi wanawaona kuwa Wamijikenda. Kama walikuwa wameshakaa hapo wakati huo, basi uhamaji wowote uliowafikisha ulitokea kabla. Hiyo ndiyo njia ya kuipata tarehe ya janga bila kumwamini mtu mmoja: unaweka ukuta nyuma yake na ukuta mbele yake, kisha unausogeza mmoja baada ya mwingine.

Je, wajua kwamba Wameru pia wana Shungwaya yao? Wanaiita Mbwaa, mahali penye maji, ambako wazee wao walitawaliwa na watu wa Nguo Ntune, wenye nguo nyekundu, hadi wakatoroka. Jeffrey Fadiman, aliyewahoji wazee wa Meru, aliihusisha Mbwaa na kisiwa cha Manda. 

Je, wajua kwamba kitabu maarufu kuliko vyote vya historia ya Lamu na visiwa vyake kinasemekana kiliteketea kwa moto? Habari za Pate zilikuwa, kwa simulizi ya wenyewe, mikononi mwa ukoo wa Nabahani uliohamia Witu. Mwezi Oktoba 1890 Waingereza waliushambulia mji wa Witu na kuuchoma, baada ya Wajerumani kadhaa kuuawa huko mwezi uliotangulia. Kitabu kikapotea humo. Tulichobaki nacho ni nakala zilizotokana kwa sehemu kubwa na mtu mmoja, Muhammad bin Fumo Omar al-Nabhani, aliyejulikana kama Bwana Kitini, ndugu wa ukoo huohuo wa kifalme. Mwingereza Stigand aliitoa simulizi yake kwa Kiingereza 1913. Alice Werner akatoa nyingine muda mfupi baadaye. Marina Tolmacheva alizikusanya na kuchapisha nakala za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1993. Ukiziweka pamoja, masultani wanapishana, miaka inapishana.

Na hapo ndipo panapoanza utamu. Habari za Pate zinasema Nabahani wa kwanza, Suleiman bin Suleiman, alifika Pate mwaka 600 wa Hijria, yaani 1203 au 1204. Kisha wanawe na wajukuu wakaishinda miji ya jirani, mmoja baada ya mwingine. Ushindi juu ya Shanga, mji uliokuwa kisiwani humohumo, unawekwa katika karne ya 13.

Miaka ya 1980 Mark Horton alichimba Shanga kwa misimu kadhaa. Alikuta msikiti juu ya msikiti. Wa chini kabisa ulikuwa wa miti, mdogo sana, wa karne ya 8. Juu yake mwingine. Hadi ule wa mawe ya matumbawe ambao magofu yake bado yanaonekana. Alikuta vigae vya Uajemi na vya China, kila tabaka na aina yake. Na vigae hivyo vilimwambia kwamba watu waliendelea kuishi Shanga, kujenga na kununua bakuli za ng'ambo, hadi nusu ya kwanza ya karne ya 15. Ndipo mji ukahamwa.

Kwa hiyo mji ambao kitabu kinausimulia kuwa umeshindwa katika karne ya 13 ulidumu zaidi ya miaka 100 baadaye. Je, kitabu kimedanganya? Huenda Shanga ilishindwa kweli mapema na ikaishi chini ya mabwana wapya. Huenda aliyesimulia alikuwa na tukio la kweli mkononi na akakosa mwaka wa kulitundika, akalitundika kwa babu aliyemtukuza. Mimi naegemea hili la pili. Kitabu cha ukoo huandikwa kuonyesha kwamba ukoo ulitawala tangu kale, na njia rahisi ya kufanya hivyo ni kuirudisha tarehe nyuma.

Mwanaakiolojia Neville Chittick alikuwa amelishuku jambo hilo mapema. Mwaka 1969 aliandika kwamba hakuona dalili za Pate kuwa mji mkubwa katika karne ambazo Habari za Pate zinauita dola. Baadaye Thomas Wilson na Athman Lali Omar walichimba Pate kwenyewe wakapata makazi ya kale zaidi kuliko Chittick alivyodhani. Mji ni wa zamani. Utukufu wake wa karne ya 13 ndio unaotiliwa shaka.

Je, wajua kwamba miaka 100 ya Hijria ni karibu miaka 97 ya kalenda tunayotumia ofisini? Mnakili asiyeangalia hilo, akihesabu tawala za masultani kumi mfululizo, hujikuta amekosea kwa miaka kadhaa bila nia mbaya yoyote.

Je, wajua kwamba sarafu ndogo ya fedha, nyepesi kiasi cha kupeperuka kiganjani, ilimsahihisha bingwa wa mambo ya kale? Tarikhi ya Kilwa, ambayo nakala yake ya Kiarabu Sultan Barghash alimpa Balozi John Kirk wa Uingereza 1877, inasema mji ulianzishwa na Ali bin al-Hasan kutoka Shiraz katika karne ya 3 ya Hijria, yaani karne ya 9 au ya 10. Chittick alichimba Kilwa na kumweka Ali bin al-Hasan karibu na mwaka 1200. Kisha mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, Pemba, ikafukuliwa hazina ya zaidi ya sarafu 2,000 za fedha. Nyingi zilikuwa na majina ya watawala wa eneo hili, na jina la Ali bin al-Hasan lilikuwemo, upande mmoja jina lake, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mola yenye vina na jina hilo. Pamoja nazo zilikuwemo dinari za dhahabu za Wafatimi, ambazo hubeba tarehe, na ya mwisho ilikuwa ya 1066. Mtu hawezi kugonga sarafu kabla hajazaliwa. Ali akarudi hadi karne ya 11 au kabla yake, karibu zaidi na kitabu kuliko Chittick alivyomweka.

Je, wajua kwamba kuna janga la Afrika Mashariki lililosimuliwa na mchanga peke yake? Karibu na mdomo wa mto Pangani, Tanzania, shambani, watafiti walikuta tabaka la mchanga wa bahari na ndani yake mifupa ya watu wengi, imetawanyika bila dalili ya mazishi. Utafiti uliochapishwa 2020, ulioongozwa na Vittorio Maselli na kuwashirikisha wasomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulisema ni tsunami ya miaka 1,000 hivi iliyopita, na kwamba huenda ilianzia ng'ambo ya Bahari ya Hindi, upande wa Sumatra, kama ile ya Desemba 2004. Huo ni wakati ambapo miji ya Waswahili ilikuwa inachipuka.

Je, wajua kwamba jua likipatwa huacha tarehe isiyobishika, mradi tu ujue ni kupatwa kupi? Nchini Uganda inasimuliwa kwamba jeshi la Bunyoro lililokuwa likirudi na mateka na ng'ombe lilifika Biharwe, karibu na Mbarara, giza likaingia mchana, askari wakatoroka wakaacha kila kitu. Wanaastronomia wanaweza kuhesabu kila kupatwa kwa jua kwa maelfu ya miaka. Lakini masimulizi hayakutaja mwaka. Sir John Gray aliandika juu ya 1492. Wengi sasa hutaja tarehe 17 Aprili 1520. Mnara wa kumbukumbu umejengwa Biharwe. Anga ni shahidi mkamilifu, ila mtu ndiye anayemchagulia siku ya kutoa ushahidi.

Je, wajua kwamba orodha ya wafalme inaweza kurefuka ndani ya miaka kumi na mitatu? John Speke alipokuwa Buganda 1862 alipewa majina manane ya makabaka. Henry Stanley alipopita 1875 aliandikiwa zaidi ya thelathini. Anayezidisha idadi ya wafalme kwa wastani wa miaka ya utawala ili apate mwaka wa njaa fulani, aanze kwa kusema anatumia orodha ya nani.

Je, wajua kwamba shahidi bora wa ukame wa kale tulio naye Wakenya yuko ng'ambo ya Nyandarua, chini ya maji? Kama ungetoka Thika, ukaipanda milima kupitia Gatura na kunyoosha moja kwa moja, ungeshukia Bonde la Ufa upande wa Naivasha. Humo ziwani kuna kreta ya Crescent Island, sehemu yenye kina kuliko nyingine, ambayo hata ziwa linaponywea hubakiwa na maji. Kila mwaka tope jembamba hutulia chini yake. Dirk Verschuren na wenzake walilizamisha bomba wakatoa mchi wa tope hilo, la chini likiwa la zamani na la juu la juzi. Kisha wakalichunguza kidogokidogo kwa darubini. Walihesabu magamba ya mwani na vichwa vya viluwiluwi vya visubi. Kuna visubi wapendao maji baridi, na kuna wanaovumilia chumvi. Ziwa likijaa, wa kwanza huongezeka. Likikauka na chumvi kukolea, wa pili hutawala.

Matokeo yalitoka katika jarida la Nature mwaka 2000: historia ya mvua ya miaka 1,100. Kulikuwa na vipindi vitatu vya ukame, 1390 hadi 1420, 1560 hadi 1625, na 1760 hadi 1840, kila kimoja kikali kuliko ukame wowote wa karne ya 20. Watafiti wakavilinganisha na masimulizi ya njaa, vita na uhamaji ambayo wanahistoria walikuwa wameyapanga kwa vizazi, na vipindi vikalingana kwa jumla. Visubi hawakuwa na ukoo wa kuutukuza. Ndiyo maana napenda ushahidi wao.

Sasa chukua kipindi cha pili, 1560 hadi 1625, ulinganishe na pwani. Wapiganaji walioitwa Wazimba waliingia Kilwa 1587 na kufika Mombasa 1589. Mtawa Mreno João dos Santos, katika kitabu chake cha 1609, anasema waliua watu 3,000 Kilwa na kuwala. Mwaka una uhakika, kwa sababu manowari za Tomé de Sousa Coutinho zilikuwa Mombasa wakati huohuo na kumbukumbu zake zipo. Idadi, na hasa hilo la kula watu, ni la kusomwa kwa tahadhari: aliyeandika alikuwa upande mmoja wa vita. Wanahistoria bado wanabishana Wazimba walikuwa nani. Lakini kwamba walitembea katikati ya kimojawapo cha vipindi vile vitatu vya ukame, hilo tope linasema.

Je, wajua kwamba Thika na Ruiru zina kalenda yao ya majanga, na kwamba haikuandikwa kwenye karatasi yoyote? Ni majina ya mariika, marika ya waliotahiriwa pamoja. Rika liliitwa kwa jambo kubwa la msimu wake. Mutung'u ni ndui. Ng'igi ni nzige. Ndutu ni funza. Juu ya marika ya miaka kulikuwa na vizazi vikubwa: Manduti, Cuma, Ciira, Mathathi, Ndemi, Iregi, Maina, Mwangi. Godfrey Muriuki wa Chuo Kikuu cha Nairobi alikusanya majina hayo kwa wazee na kuyatumia kujenga kitabu chake A History of the Kikuyu 1500–1900, kilichotoka 1974. Kazi ilikuwa ngumu kwa sababu kulikuwa na muhingo, kipindi ambacho wavulana hawakutahiriwa, na Nyeri, Murang'a na Kiambu hazikufuata utaratibu mmoja. Rika la Nyeri na la Kiambu yanaweza kuwa na jina moja na miaka tofauti.

Funza ni kipimo kizuri sana hapa. Mdudu huyu asili yake ni Amerika. Alishushwa Ambriz, Angola, 1872, na meli iliyotoka Brazil, akavuka bara zima na kufika pwani yetu kabla karne haijaisha. Ukimsikia mtu akilipeleka rika la Ndutu hadi enzi za Iregi, au ukiona kitabu cha kale kikimtaja funza Afrika Mashariki mwaka 1700, jua kuna mkono wa baadaye. Muhogo na mahindi hutumika vivyo hivyo: ni mazao ya Amerika, na hati inayoyataja hapa kabla ya 1492 imejihukumu.

Je, wajua kwamba njaa moja ina majina mawili pande mbili za Ol Donyo Sabuk? Ile ya 1898 hadi 1900 Wagikuyu waliiita Ng'aragu ya Ruraya, njaa ya Ulaya, kwa kuwa ilikuja pamoja na wageni. Wakamba waliiita Yua ya Ngomanisye, njaa iliyoenea kila mahali. Sotoka ilikuwa imemaliza ng'ombe, nzige walikuwa wamepita, mvua ikakosekana, ndui ikafuata. Makundi mawili, lugha mbili, hakuna aliyenakili kwa mwenzake, na miaka ni ileile. Huo ni ushahidi wa nguvu kuliko kitabu chenye jalada la ngozi.

Na tarehe ya njaa hiyo haikuwa jambo la wasomi. Watu wa kusini mwa Kiambu walikufa kwa wingi, na waliosalia wengi walikimbilia kwa jamaa zao Murang'a. Walowezi walipoanza kupewa ardhi mwanzoni mwa karne ya 20 waliambiwa mashamba mengi ni matupu. Yalikuwa matupu tangu lini? Kama ni tangu zamani, basi hayakuwa na mwenyewe. Kama ni tangu 1899, basi mwenyewe alikuwa Murang'a akisubiri mvua. Mbele ya Tume ya Ardhi ya Sir Morris Carter, ambayo ripoti yake ilichapishwa 1934, wazee walisimama kutaja ithaka zao, mito, miti na majina ya waliozikwa humo, huku upande wa pili ukitilia shaka kila neno kwa sababu halikuandikwa. Kati ya Ruiru na Thika pakawa kahawa na mkonge, na leo panaota maghorofa. Kosa la miaka kumi katika kuipa njaa tarehe yake lilitosha kumfanya mtu kuwa skwota kwenye shamba la babu yake.

Kwa hiyo, msomaji wa Juja, Gatuanyaga, Githurai au Makongeni, kama kuna mzee nyumbani, muulize wiki hii: riika rĩaku nĩ rĩrĩkũ, yaani rika lako ni lipi? Mlitahiriwa wapi? Njaa ya Mianga ya 1943 ilimkuta na umri gani? Mama yake alimsimulia nini kuhusu Ng'aragu ya Ruraya? Andika anavyosema, bila kumrekebisha. Chini yake andika jina lake, jina la aliyemsimulia yeye, mahali mlipoketi, na tarehe ya siku hiyo.